Kusinyaa Ndiko Kunakochonga: Mapambo ya Kichwani ya Felti ya Mkono

Anayeijua tarbushi anaijua felti, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Kofia ile waliyoivaa askari wa KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki, na inayoonekana katika picha nyingi za zamani za Unguja na Mombasa, haikushonwa kwa vipande vya kitambaa. Ni sufu iliyosinyazwa mpaka ikashikana. Chechia, jamaa yake wa Tunis, hufumwa kwanza ikiwa kubwa kupita kichwa cha mtu yeyote, kisha hufuliwa na kupondwapondwa kwenye maji ya moto na sabuni hadi irudi kimo cha kichwa na macho ya ufumaji yasionekane tena. Wakirgizi wa Asia ya Kati wana ak-kalpak, kofia nyeupe ndefu inayoshonwa kwa vipande vinne vya felti. Ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Madarweshi wa Kimevlevi, tarika ya Kisufi ya Konya nchini Uturuki, huvaa sikke, kofia ndefu ya rangi ya ngamia isiyo na mshono hata mmoja.

Wasanii wa nguo wa siku hizi wanaotengeneza mapambo ya kichwani yenye pembe, petali na makunjo ya kombe la baharini wanafuata kanuni ileile ya sikke, ila wameisukuma mbali zaidi. Kwa aliyezoea kushona fasineta, yaani vipambo vya kichwani vya harusi, kwa sinamei, kitambaa kile chepesi kigumu, hii ni kazi ya namna nyingine kabisa. Sinamei hukatwa, ikakunjwa, ikashonwa, na ukikosea unafumua. Felti haifumuliki. Unene, ukubwa na mahali pa kila kipembe huamuliwa sufu ikiwa bado kavu mezani, na baada ya hapo maji hutekeleza uliloamua, zuri au baya.

Tuanze na kinachotokea ndani ya sufu, maana makosa mengi yanatoka hapo. Unywele mmoja wa sufu umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, ncha zake zikielekea ulikoishia unywele. Maji ya uvuguvugu na sabuni huyafanya magamba yainuke na nywele ziteleze. Ukizisugua, kila unywele husogea upande mmoja tu, wa mzizi, kwa sababu magamba hayauruhusu kurudi nyuma. Maelfu ya nywele zikisogea hivyo hujifunga zenyewe kwa zenyewe, na kitambaa kinakuwa kidogo na kinene. Ndiyo maana sufu iliyotiwa dawa ya kuiruhusu kufuliwa kwa mashine haifai hata kidogo: magamba yake yamelainishwa au kufunikwa na utomvu wa plastiki. Utaisugua kutwa nzima na itabaki kama pamba iliyolowa. Kabla ya kununua uzi au sufu dukani, soma lebo.

Kwa kitu kinachogusa paji la uso, sufu ya kondoo wa merino, yenye nywele za unene wa mikroni 18 hadi 23 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo tunayoipenda. Ni laini, hushikana haraka na hupokea rangi vizuri. Sufu ya kondoo wa korideli, yenye nywele nene kidogo, hushikana polepole lakini hutoa felti ngumu inayosimama, kwa hiyo inafaa kwa pembe, kwa ukingo na kwa tabaka la ndani lisilogusa ngozi. Kenya ina kondoo wa sufu wa aina hizi katika nyanda za juu, pande za Laikipia, Nyandarua na Molo, na Nanyuki kuna ushirika wa wanawake wanaosokota na kufuma sufu hiyo tangu miaka ya 1970. Kondoo wekundu wa Kimasai na wengi wa Tanzania wana nywele fupi ngumu badala ya sufu. Hao ni wa nyama. Dorper naye hana la kukupa. Hampshire Down ana sufu kweli, lakini ni ya aina inayokataa kushikana, na mtu asiyejua huilaumu sabuni.

Usiamini jina la aina ya kondoo, jaribu. Chukua kipande cha sufu safi kinachojaza kiganja kikiwa kimetawanywa, kiloweshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, ukiviringishe kati ya viganja kwa dakika 5. Ikitokea gololi ngumu isiyobonyea, sufu hiyo inafaa. Ikibaki tonge lenye nyufa linalofunguka ukilivuta, iweke kwa kujazia mito.

Sufu mbichi kutoka kwa mfugaji ina mafuta, jasho na vumbi. Kilo moja ikioshwa hupungua kwa theluthi hadi nusu, kwa hiyo bei ya kilo mbichi isikudanganye. Iloweke kwenye maji ya nyuzi 60 hivi yenye sabuni ya vyombo kwa dakika 20 bila kuikoroga, itoe, uitie kwenye maji mengine ya moto uleule. Kukoroga ni kuanza kutengeneza felti ndani ya beseni, na kuihamisha ghafla toka maji ya moto kwenda baridi huku ukiikamua kunafanya vivyo hivyo.

Kwa rangi, hapa kuna onyo kwa mafundi wa batiki. Mchanganyiko wa kostiki soda na haidrosi unaotumika kwenye pamba huharibu sufu. Kostiki ya moto huiyeyusha kabisa ikawa kama uji. Magadi nayo huifanya kavu na dhaifu. Sufu inataka uchachu: rangi za asidi pamoja na siki, moto wa nyuzi 85 hadi 90 bila kuchemka kwa nguvu, dakika 40, kisha iachwe ipoe ndani ya sufuria yenyewe. Anayetaka rangi za nyumbani achemshe sufu kwanza na shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, halafu atie maganda ya vitunguu maji yenye uzito sawa na sufu. Atapata rangi ya dhahabu hadi kutu inayodumu. Manjano ya jikoni hung'ara siku ya kwanza na kufifia juani, usiyatumie kwenye pambo la harusi litakalowekwa kumbukumbu.

Sasa hesabu, ambayo imewaangusha watu wengi kuliko sabuni na sufu mbovu. Pambo la kofia hutengenezwa kwa kuizungushia sufu kigezo bapa, pande zote mbili, kama bahasha isiyo na mshono. Kichwa cha mzunguko wa sentimita 56 kina nusu ya 28, ndio upana wa kigezo kama sufu isingesinyaa. Tuseme sufu yako husinyaa kwa asilimia 30. Wengi huongeza asilimia 30 juu ya 28, wakapata 36.4, wakakata. Lakini asilimia 30 inayopotea hupotea kutoka kwenye kipimo kikubwa: 36.4 ikibaki na asilimia 70 yake ni 25.5, yaani kofia ya mzunguko wa sentimita 51. Hiyo ni kofia ya mtoto. Unatakiwa kugawa: 28 gawa kwa 0.7 ni 40. Kigezo kiwe na upana wa sentimita 40. Urefu kutoka ukingoni hadi utosini, ukiutaka 18, gawa vivyo hivyo, upate karibu 26, kisha uongeze 3 chini za kukatwa.

Kuna jambo lingine kwenye hesabu hiyo. Felti ina unene. Ukuta wa milimita 3 unapunguza mzunguko wa ndani kwa takriban sentimita 2 ukilinganisha na wa nje. Ukiipima kofia kwa kuizungushia futi kwa nje ukaona 56, ndani ni 54, na mwenye kichwa ataumwa kabla ya bibi harusi kuingia. Pima kwa ndani, siku zote.

Asilimia 30 yenyewe hatukuitoa hewani, na wewe usiichukue kwetu. Tengeneza kipande cha majaribio. Pima mraba wa sentimita 20 kwa 20, uujaze gramu 14 za sufu katika matabaka 4, uufanyie kazi mpaka mwisho kabisa. Ukipima 14 kwa 14, umesinyaa asilimia 30. Ukipima 12, ni 40. Tabaka jembamba husinyaa zaidi ya nene, na mikono ya watu hutofautiana: sufu ileile, mizani ileile, mmoja anaishia 30 na mwingine 38. Kipande hicho kiandikwe kwa kalamu isiyofutika jina la sufu, gramu na vipimo viwili, kihifadhiwe. Baada ya vipande kumi hivi unakuwa na daftari lisilouzwa dukani.

Kigezo chenyewe kikatwe kutoka kitu chembamba kisichonywa maji na chenye uti kidogo: mkeka mwembamba wa mazoezi, au sponji ile ya milimita 2 au 3 inayotandikwa chini ya sakafu za mbao. Boksi hulowa na kusambaratika. Kitambaa cha meza cha plastiki kinafanya kazi lakini hukunjamana bila wewe kujua, na kila kikunjo huacha alama. Pembe za kigezo ziwe mviringo, kwa sababu pembe kali hubaki kwenye kofia kama masikio.

Kwa kigezo hiki cha 40 kwa 29 chenye kichwa cha kuba, andaa gramu 64 za sufu ya mwili. Zigawe kwa mzani wa jikoni kuwa mafungu 8 ya gramu 8, mafungu manne kila upande. Kugawa kabla ya kuanza kunaonekana ni uchoshi, lakini macho hayapimi sufu. Ukipanga kwa kukadiria, upande wa kwanza utapata gramu 38 na wa pili utapata zilizobaki, na kofia itainama upande mmoja maisha yake yote.

Vuta vishungi vyembamba, urefu wa kidole cha kati, kwa kushika mwisho wa utepe wa sufu kwa kiganja kizima na kuvuta taratibu, mikono miwili ikiwa mbali kwa sentimita 20. Ukiisogeza mikono karibu, sufu inagoma. Hiyo ni kwa sababu umeshika nywele zilezile ncha zote mbili. Panga vishungi kama makuti ya paa, kila mstari ukilalia uliotangulia. Tabaka la kwanza lielekee juu-chini, la pili kulia-kushoto, la tatu juu-chini, la nne kulia-kushoto. Ukimaliza tabaka, bonyeza kwa viganja vilivyofunguka ukitafuta mahali pembamba. Vidole huona kuliko macho hapa. Ukingoni mwa kigezo, acha sufu ichomoze kwa sentimita 2, na ichomoze ikiwa nyembamba.

Funika kwa neti ya chandarua cha zamani, nyunyizia maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, yaliyochanganywa na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya zeituni iliyokwaruzwa kwa kila lita. Sabuni ya mche ya kawaida inafaa pia, ila huchubua mikono ya anayefanya kazi hii kila siku. Anza katikati, bonyeza kuelekea nje mpaka hewa yote itoke. Sufu iliyoloa sawasawa hulala bapa na kubadilika rangi. Iliyo na hewa huinuka kama mkate. Povu likiwa jingi mpaka mkono unaelea, punguza kwa sifongo, kwa sababu nywele zinazoelea hazigusani. Mkono ukikwama na kuburuta sufu, sabuni ni kidogo.

Geuza kigezo na kila kilicho juu yake, kunja zile sentimita 2 zilizochomoza zikumbatie ukingo, zibane sana zisiache kijitundu cha hewa, kisha panga upande wa pili. Mapambo ya juu kama nyuzi za hariri, vishungi vya sufu iliyojikunja ya kondoo wa Wensleydale au vipande vya kitambaa, huwekwa mwisho na kufungwa kwa utando mwembamba sana wa sufu juu yake. Hariri haina magamba. Haijishikizi yenyewe, ni sufu inayoifunga, na bila utando huo itang'oka siku ya kwanza ya upepo.

Kusugua huanza kwa upole kupita unavyofikiri. Dakika 5 za kwanza ni mkono kupita juu ya neti kama unayempaka mtoto mafuta. Inua neti mara kwa mara, la sivyo sufu itaota kupitia matundu yake na utabandua ngozi ya kazi yako. Kisha ongeza nguvu, dakika 15 kila upande, ukirudi kwenye kingo kila mara kwa kusugua kutoka nje kuelekea ndani. Jaribio ni la kufinya: finya uso wa sufu kwa vidole viwili na uinue. Nywele chache zikiinuka peke yake, endelea. Kitambaa kizima kikiinuka kama ngozi ya mgongo wa paka, tayari.

Ukingo ndio unaomtambulisha fundi. Kosa tunaloliona kuliko yote ni mstari ulioinuka kama mshono unaozunguka kofia palipokuwa na ukingo wa kigezo. Una sababu mbili. Ama sufu iliyokunjwa ilikuwa nene mno, ama kigezo kilichelewa kutolewa. Felti inapoanza kusinyaa na kigezo bado kimo ndani, sufu iliyobanwa ukingoni haina pa kwenda isipokuwa nje, ikajifanyia kigongo. Kwa hiyo mara tu kigezo kinapoanza kujikunja ndani, kata uwazi chini na ukitoe. Uwazi uwe mdogo kuliko kichwa, kwa kuwa kukata tena ni rahisi na kurudisha hakuwezekani. Paka sabuni mdomo uliokatwa na uusugue hapohapo kwa kidole gumba, dakika 3 au 4, hadi ujifunge. Kisha igeuze bahasha ili kingo za zamani zikae katikati, mbele na nyuma, ingiza mkono ndani na uzisugue mpaka zipotee. Kigongo kikishakauka ndani ya felti iliyoiva hakitoki.

Baada ya hapo ni kuviringisha. Wakirgizi hutumia mkeka wa matete, Waturuki wana mikeka yao, na sisi tuna mkeka wa ukindu ambao mawimbi yake ya msuko hufanya kazi hii vizuri kuliko plastiki ya viputo. Uwe mkeka mweupe, lakini. Ukindu uliotiwa rangi huchuja kwenye maji ya moto, na felti nyeupe itatoka na waridi usiloliomba. Viringisha kazi ndani ya mkeka ukizunguka bomba la plastiki la inchi 2, viringisha mara 50, fungua, zungusha kazi robo duara, tena 50. Pande nne, uso na mgongo: mara 400 kwa duru moja, na kofia huhitaji duru 2 hadi 4.

Hapa ndipo uchongaji unapoanza. Felti hurudi kuelekea upande unaouviringisha. Ukiiviringisha kutoka ukingoni kwenda utosini, hupungua kimo. Ukiiviringisha kulia-kushoto, hupungua upana. Anayelijua hili hahitaji mkasi kurekebisha kofia iliyozidi urefu. Anaiviringisha upande huo tu. Ukitaka kiuno chembamba katikati ya taji refu, sugua kiuno peke yake kwa maji ya moto ya nyuzi 55 hadi 60 na kipande cha plastiki yenye mikwaruzo, uyaache maeneo mengine. Ukitaka tumbo litokeze, kaza kinacholizunguka.

Mapambo ya felti yanayovutia macho zaidi yanatokana na vitu vichache rahisi. Pembe hutengenezwa kwa kuviringisha kishungi cha gramu 3 hadi 5 kiganjani kwa sabuni, ukiacha sentimita 4 za mwisho zikiwa kavu na zimetawanyika kama mkia. Mkia huo hufunguliwa juu ya tabaka la tatu, pembe ikapenyezwa kupitia tundu la plastiki iliyofunikwa juu, na tabaka la nne likafunika mkia. Mkia ukilowa kabla ya kuunganishwa, pembe haitashika, hata ukisugua usiku kucha. Izungushie pembe plastiki isijishike na mwili wakati wa kazi.

Gololi za kioo, zile za watoto, huleta uso wa matumbawe. Weka gololi 10 au 15 juu ya tabaka la pili la rangi moja, zifunike kwa matabaka mawili ya rangi nyingine, zifunge kila moja kwa uzi mara sufu inaposhikana, endelea kusinyaza. Mwisho kata juu ya kila gololi kwa wembe mpya, itoe, na midomo ya rangi mbili itabaki wazi. Wembe butu huvuta nywele na kuacha mdomo wenye ndevu.

Petali na makunjo hupatikana kwa kuweka vigezo vidogo vya ziada kati ya matabaka, kila kimoja kikishikwa upande mmoja tu, kama kurasa za kitabu. Kila ukurasa unaongeza sufu, kwa hiyo punguza mwili hadi matabaka 3 chini yake, la sivyo sehemu hiyo itakuwa nene na itakataa kurudi sawa na nyingine.

Wengi wa kwetu hutamani kuingiza kitenge au kanga ndani ya felti. Ni wazo zuri linalohitaji ukweli kidogo. Sufu hupenya tu kitambaa chenye nafasi kati ya nyuzi. Weka kitambaa mdomoni upulize: ukiisikia pumzi upande wa pili, sufu itapita. Melimeli, shifoni ya hariri na shashi ya pamba zinapita vizuri, na felti inaposinyaa chini yake hukunja kitambaa kuwa mawimbi madogo ambayo hakuna cherehani inayoweza kuyatengeneza. Kitenge kimefumwa kwa kubana na kina wanga. Kifue kwanza mara mbili, kikate vipande vyembamba vya sentimita 1 hadi 2, na kila kipande kifungwe kwa utando wa sufu kuzunguka kingo. Kipande kikubwa cha kitenge hubaki kikining'inia kama kiraka.

Suuza kazi hadi maji yawe maangavu, kisha iloweke dakika 10 kwenye maji yenye vijiko viwili vya siki kwa lita. Mabaki ya sabuni yakiachwa, felti hukauka ngumu yenye vumbi na hudhoofika kadiri muda unavyopita.

Kwa kukausha, faroma, yaani umbo la kutandia kofia, ya kofia za vito iliyo nyumbani kwa babu inafaa kwa kofia ndogo zisizo na ukingo. Kwa kuba, tumia sufuria au kibuyu chenye kipenyo cha sentimita 16 na nusu, kikifungwa plastiki. Kichwa cha mtu si duara, kwa hiyo weka kitambaa kilichokunjwa mbele na nyuma mpaka mzunguko ufike sentimita 56. Vuta felti ikiwa ya moto na mvuke, ifunge kwa lastiki pana, iache kivulini siku mbili. Anayeivua ikiwa na unyevu ataikuta asubuhi imejichagulia umbo lake.

Kuhusu gundi, msimamo wetu ni mkali. Gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, sehemu 1 kwa 5, inaruhusiwa kwenye ncha ya petali au ukingo mpana, ikipakwa kwa ndani. Lakini kofia inayosimama kwa gundi peke yake ni sufu isiyoiva, na jasho la Dar es Salaam au mvua ya Limuru litaitoboa siri. Jelatini ndiyo mbaya zaidi pwani: hunyonya unyevu wa hewa, hulegea na kuita wadudu. Felti ikionekana laini mno, irudishe kwenye maji ya moto uendelee kuisinyaza. Iliyoiva ina uso wenye chembechembe kama ganda la chungwa, na ukiivuta hurudi mara moja.

Pambo dogo la kichwani, lisilo kofia nzima, linahitaji kitako: kisahani cha felti cha kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 kilichokaushwa juu ya mpira au bakuli ili kifuate mviringo wa kichwa. Kitako bapa hucheza. Uzito wa pambo zima usizidi gramu 60 kama linashikwa kwa chanuo na lastiki. Zaidi ya hapo mkanda wa kichwani uliofunikwa felti ndio suluhisho. Kwenye nywele zilizosukwa chanuo hakina pa kushika, kwa hiyo shona vitanzi vinne vya uzi chini ya kitako, vibanio vipite ndani yake na chini ya misuko. Kwa anayevaa juu ya hijabu au kilemba, bitana ya mahameli chini ya kitako huzuia kuteleza, na pini mbili zikipishana kama mkasi hushika kuliko nne zilizosimama sambamba. Waya wa ukingoni uwe wa chuma wenye kurudi, milimita 1, uliofunikwa uzi. Waya wa umeme hupinda na kubaki ulivyopindwa, na waya usiofunikwa hutoa kutu itakayochora mstari kwenye sufu nyeupe.

Kofia nzima ishonewe ndani utepe mgumu wa pamba wa sentimita 2.5, urefu wa kichwa jumlisha 1 ya nafasi na 2 za kupishana. Sindano ipite nusu ya unene tu, isitokeze nje. Bila utepe huo felti hutanuka kidogo kidogo kwa joto la kichwa, na baada ya miezi michache kofia inashuka kwenye nyusi. Kwa joto la pwani hatupendekezi kofia nzima hata kidogo: taji wazi au pambo la upande linatosha. Kofia kamili ya felti ina raha yake Njombe, Mbeya, Nyandarua, penye baridi.

Kasoro ndogo hutengenezwa kwa sindano ya felti, yenye miiba midogo inayosukuma nywele ndani. Namba 36 ni nene, ya kuanzia kazi. 40 ni nyembamba, ya kumalizia. Iingie na kutoka kwa pembe ileile juu ya sponji nene, kwani ukiipinda ikiwa ndani huvunjika na ncha hubaki kwenye pambo, pale paji la uso litakapogusa. Ihesabu sindano kabla na baada ya kazi.

Pambo likishavaliwa, lipunge hewani siku nzima, lipigwe brashi laini, lisifuliwe. Lijazwe karatasi nyeupe na kuwekwa kwenye boksi lililofungwa vizuri, kwa sababu mabuu ya nondo na wale wadudu wadogo wenye manyoya hula sufu, hasa yenye jasho. Ukiona tundu au unga mdogo kama mchanga chini ya boksi, funga pambo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Likitolewa, liache ndani ya mfuko hadi lipate joto la chumba. Ukilifungua baridi, umande utalilowesha na kazi ya kulikausha kwenye faroma itaanza upya.